Orgon hakulishwa kasa, alijipakulia mwenyewe

Swali la juma hili liliuliza nani wa kulaumiwa zaidi katika Tartuffe, tamthilia ya Molière, mwandishi Mfaransa wa karne ya kumi na saba: Tartuffe mwenyewe, mnafiki anayejipenyeza katika nyumba ya watu kwa kisingizio cha dini, au mwenye nyumba anayemwamini. Jibu langu ni mwenye nyumba, Orgon, wala simlaumu kwa sababu ni mjinga, maana mjinga husamehewa.

Tazameni kwanza tamthilia ilivyopangwa. Tartuffe haonekani jukwaani mpaka sehemu ya tatu kati ya tano, na Molière, ambaye alikuwa mwigizaji pia, alijichagulia nafasi ya Orgon akamwachia mwenzake ile ya mnafiki. Orgon anaporejea kutoka shamba anamwuliza Dorine, mtumishi wa nyumba, habari za waliobaki. Dorine anamweleza kwamba mkewe, Elmire, alishikwa na homa na kichwa kikamwuma vibaya. "Na Tartuffe?" Huyo ni mzima, amenenepa, uso umemnawiri. "Maskini!" Bibi hakuweza kutia chochote kinywani usiku ule, Tartuffe, kwa uchaji wote, alikula kware wawili na nusu ya paja la kondoo. "Maskini!" Swali hilo na jibu hilo yanarudi mara nne, huku ukweli wote ukiwa umewekwa mezani na mtumishi asiye na sababu ya kuuficha.

Ndiyo maana nasita kusema kwamba Orgon alidanganywa. Dorine alimwonya, shemeji yake Cléante alimwonya, na mwanawe Damis alimletea habari kwamba amemsikia Tartuffe kwa masikio yake akimtongoza Elmire. Tartuffe hata hakukana. Alisema naam, ndugu yangu, mimi ni mwovu, mwenye dhambi, nifukuze. Orgon akamfukuza mwanawe, kisha akamwandikia mgeni hati ya hiba ya mali yake yote.

Nionavyo, Orgon anashikilia uongo huu kwa sababu unamfaa. Mchaji akiwa chini ya dari yake, kila alitakalo linageuka kuwa amri ya Mungu. Anavunja ahadi aliyompa Valère, mchumba wa binti yake Mariane, ili amwoze binti huyo kwa Tartuffe, na Mariane anapopiga magoti kumsihi, anamwambia aitumie ndoa hiyo kuitesa nafsi yake. Anajisifu kwamba sasa angeweza kuona ndugu, watoto, mama na mke wakifa bila kujali hata chembe. Hata kisanduku cha nyaraka za siri alichokabidhiwa na rafiki aliyekimbia nchi anampa Tartuffe, ili akiulizwa aweze kuapa kwamba hanacho na dhamiri isimsute. Hila hiyo ilibuniwa na Tartuffe, lakini aliyeipenda ni Orgon.

Hapo pia naelewa kwa nini tamthilia hii, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Versailles mwezi Mei 1664, ilipigwa marufuku, na kwa nini mwaka 1667 askofu mkuu wa Paris alitishia kuwatenga na kanisa watakaoigiza au hata kuisoma. Wapinzani wake walilalamika kwamba inachanganya ibada ya kweli na ya uongo, na kwa upande mmoja nawakubalia. Mnafiki akichekwa, muumini haumii. Ibada ya Orgon, hata hivyo, si ya kujisingizia. Anaamini kwa moyo wote, na ni kwa imani hiyo anawatenda watu wake ukatili. (Ruhusa kamili ilitoka Februari 1669, na watu wakafurika.)

Elmire ndiye anayemponya, kwa kumficha chini ya meza asikilize mwenyewe Tartuffe akimtaka mkewe. Zingatieni kwamba Elmire anakohoa kumpa ishara, na Orgon bado hatoki mpaka Tartuffe amtaje yeye kwa dharau, kuwa mtu wa kuvutwa pua. Heshima ya mke haikutosha kumtoa pale.

Kisha anakutana na mama yake, Madame Pernelle, anayemtetea Tartuffe vilevile. Orgon anapiga kelele kwamba ameona kwa macho yake, na mama anamjibu kwamba macho hudanganya. Wakati huo dalali wa mahakama yuko njiani, kwa kuwa hati ile ni halali na sahihi ni ya Orgon. Inabidi mfalme mwenyewe aibatilishe.