Maswali ya wasomaji: Huyu mrushaji kinda atafika kweli ligi kuu?

Barua nyingi safari hii ni za besiboli ya Marekani na karibu zote zinauliza kitu kimoja, unampimaje mrushaji kinda (yule anayemrushia mpigaji mpira) ambaye bado yuko ligi ndogo, yaani timu za chini zinazokuza wachezaji wa ligi kuu. Nimechagua chache. La kwanza ntakaa nalo sana kwa sababu mengine yote yamejificha ndani yake.

Swali: Kaka habari za kazi. Mi na jamaa yangu tunabishana kila siku. Kuna kijana kwenye timu za chini za klabu tunayoshabikia, ana miaka 24, anarushia Single-A na ERA yake (ikiwa ndogo ndo bora) haijafika hata 2. Jamaa anasema mwakani huyo yuko ligi kuu tena nyota, mi naona bado kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Wewe uko karibu zaidi na ukweli, ila ngoja nikupe sababu usiende kwa jamaa mikono mitupu.

Anza na umri na ngazi, kabla hata hujaangalia namba nyingine yoyote. Tangu 2021 kila timu kati ya zile 30 za ligi kuu ina timu nne za msimu mzima chini yake, kutoka chini kwenda juu ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, halafu chini ya hapo kuna ligi za kambi za Arizona na Florida na ile ya Jamhuri ya Dominika. Sasa hapo Single-A wapigaji wengi ni vijana wa miaka 19, 20, 21 hivi, wengine ndo kwanza wanazoea kucheza karibu kila siku, slaida nzuri, ule mpira unaopinda ghafla karibu na mpigaji, wameiona mara chache sana maishani. Mtu wa miaka 24 aliyekomaa mwili akiwatesa hao ni sawa na mwanafunzi wa kidato cha sita kuongoza mtihani wa darasa la saba, alama ni zake halali lakini hazijakwambia kitu. Kijana huyohuyo angekuwa na miaka 19 na namba zilezile ningekwambia usikose hata siku moja anayorusha.

Halafu hiyo ERA. Inahesabu mikimbio (pointi) aliyofungwa kwa kila iningi 9, yaani mechi nzima, iningi moja ni zamu ya timu kupiga mpaka watu wake watatu watolewe, ile iliyotokana na makosa ya walinzi inatolewa. Sawa, lakini mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani, mrushaji hana mamlaka makubwa tena juu ya kinachofuata, kwa wastani kama 3 kati ya kila 10 zinageuka kuwa hiti, yaani mpigaji anafika besi salama (homurani, zile zinazopigwa nje ya uzio, hazimo humo) na kwenye iningi 50 au 60 bahati peke yake inaweza kumfanya mtu aonekane mfalme au aonekane hafai. Na ligi ndogo ndo kabisaa, walinzi wenyewe bado wanajifunza, viwanja havifanani. Nenda kaangalie Albuquerque kule Triple-A, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unaruka mbali na mpira wa kupinda haupindi vile ulivyozoea, kwa hiyo mrushaji mwenye ERA ya 5 pale anaweza kuwa bora kuliko mwenye 3 sehemu nyingine. Hata mpira wenyewe unaweza kubadilishwa, nusu ya kwanza ya msimu wa 2023 ligi moja ya Double-A, Southern League, ilitumia mipira iliyopakwa kitu cha kunata tangu kiwandani kama majaribio na straikauti (mpigaji anatolewa baada ya kukosa mpira au kuacha mzuri mara tatu) zikapanda. Mtu aliyesoma namba za vijana wa pale bila kujua hilo alidanganyika vizuri tu.

Kwa hiyo mi naangalia nini? Straikauti toa woki (mpigaji anapewa besi ya kwanza bure baada ya kurushiwa mipira minne mibaya), basi, hapo ndo naanzia. Na usihesabu kwa iningi, hesabu kwa idadi ya wapigaji aliokutana nao maana mrushaji anayeruhusu watu wengi kufika besi anapata wapigaji wengi zaidi ndani ya iningi moja na straikauti zake zinaonekana nyingi kuliko zinavyostahili. Tuseme kijana kakutana na wapigaji 200, kawatoa 60 kwa straikauti, kawapa woki 15. Hiyo ni asilimia 30 toa 7.5, unabaki na 22.5, huyo ni wa kufuatilia. Mwingine kwa wapigaji haohao 200 ana straikauti 40 na woki 26, ni 20 toa 13, imebaki 7. Wote wawili wanaweza kuwa na ERA moja! Kwa kulinganisha, ligi kuu miaka ya karibuni wastani ni kama 14 hivi. Muulize jamaa yako kijana wenu anasimama wapi kwenye hesabu hii, naamini mabishano yatapungua.

Ila namba zinakufikisha mlangoni tu, ndani unaingia kwa macho. Ukipata mechi yake usiangalie matokeo, angalia pale anapokuwa nyuma, mipira miwili nje na straiki hakuna, mpigaji kashajua kinachokuja ni mpira wa kasi na kashajipanga. Hapo kijana anarusha nini? Wengi wa ngazi za chini wanarusha mpira wa kasi katikati na kumwachia Mungu. Yule mwenye kitu anarusha chenjiapu, mpira wa polepole unaojifanya wa kasi. Sasa mtazame mkono wake kwenye hiyo chenjiapu, kama unapungua mwendo, kama kifua kinainuka kidogo kabla hajaachia au kama unakuja kwa hasira ileile ya mpira wa kasi, maana mpira unatakiwa ufike ukiwa pungufu kilomita 13 hadi 16 kwa saa huku mwili wote unasema unakuja kwa kasi. Mkono ukipungua mpigaji wa Single-A hataona. Wa Double-A ataona, atasubiri, na ataupiga nje ya uzio. Mi nikishamwona kijana anathubutu kuirusha hiyo akiwa nyuma, tena kwa mkono mzima, hata ikienda nje siku hiyo, namwandika kwenye orodha yangu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeona klipu ya dogo anarusha maili 100 kwa saa, comenti zote zinasema huyu hana mpinzani. Kasi si ndo kila kitu siku hizi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kasi ni kitu kikubwa sana, sitaki kukudanganya. Kutoka kwenye bati la mrushaji mpaka plati, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, mpira wa maili 100, yaani kama kilomita 161 kwa saa, unamwachia mpigaji chini ya nusu sekunde aone, aamue na azungushe gongo. Wastani wa mpira wa kasi ligi kuu saivi ni kama maili 94, kwa hiyo huyo dogo amezaliwa na kitu ambacho hakuna kocha anayeweza kumpa mtu.

Lakini msome Steve Dalkowski. Alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto kwenye mfumo wa Baltimore Orioles miaka ya mwisho ya 50 na mwanzo wa 60, bunduki za rada hazijawa kitu cha kawaida uwanjani, ila watu wa besiboli waliomwona wengi waliapa hawajawahi kuona mtu mwenye kasi kama yake. Mwaka 1960 akiwa Stockton, California, alitoa straikauti 262 na woki 262, ndio, namba ileile, kwenye iningi 170. Hakuna aliyeweza kumpiga na yeye mwenyewe hakujua mpira unaenda wapi. Mwaka 1962 akakutana na kocha Earl Weaver kule Elmira, akamtuliza, akamfundisha kupunguza nguvu kidogo, woki zikashuka sana na ndoto ikaanza kuonekana, halafu 1963 kwenye mechi za maandalizi, karibu kabisa na kuingia timu kubwa, mkono ukaumia. Hakuwahi kurusha hata mpira mmoja kwenye mechi rasmi ya ligi kuu. Mi hii stori inaniuma kila nikiisoma, na ndo maana nikiletewa klipu ya maili 100 swali langu la kwanza ni woki ngapi.

Na kuna kitu klipu haionyeshi, huo mpira wa kasi unakaaje angani. Kuna wa maili 97 unaokuja umenyooka, ngazi za juu wanaupiga tu. Kuna wa maili 93 ambao mzunguko wake unaufanya usidondoke sana kama jicho linavyotegemea, mpigaji anapitisha gongo chini yake mechi nzima. Pia wapo warefu wanaojinyoosha sana mbele kabla ya kuachia, mpira unaanzia karibu zaidi na mpigaji na kasi inahisika kubwa kuliko rada inavyosema.

Swali: Kaka, mrushaji niliyekuwa namfuatilia kafanyiwa upasuaji wa kiwiko, ule wa Tommy John. Nimsahau?

Jibu: Hapana dada yangu, usimsahau. Tommy John mwenyewe, mrushaji wa ligi kuu, alifanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974, wakati huo ilikuwa kubahatisha tu, akarudi 1976 na akaendelea kurusha mpaka 1989. Jacob deGrom aliingia mfumo wa New York Mets mwaka 2010, alichaguliwa raundi ya 9 timu zilipokuwa zinachagua vijana wapya, chuoni alikuwa mlinzi wa besi za ndani aliyeanza kurusha mwishoni mwishoni, mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji huo na msimu wote wa 2011 akaukosa. Alifika ligi kuu 2014 akiwa na miaka 25, na 2018 alimaliza na ERA ya 1.70 akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake, mwaka uliofuata akaichukua tena.

Cha muhimu ni kumpa muda, kurudi kunachukua kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na akirudi kasi ndo huwa inatangulia, kuuweka mpira pale anapotaka kunachelewa. Kwa hiyo msimu wake wa kwanza akitoa woki nyingi usimhukumu. Mi ningehofia zaidi kama kasi yenyewe haijarudi baada ya miezi kadhaa ya kucheza, au kama umeona kabadilisha urushaji wake ili kukwepa maumivu.

Swali: Kwa nini timu inamtoa kijana mzuri kwenye kuanza mechi inampeleka kurusha iningi moja tu mwishoni? Si kumuua kipaji?

Jibu: Mara nyingi ni kwa sababu ana aina mbili tu za mipira ya kuaminika. Mrushaji anayeanza mechi anakutana na mpigaji yuleyule mara ya pili na ya tatu siku moja, na wapigaji wakikuona mara ya tatu wanakujua, bila aina ya tatu ya mpira huna pa kukimbilia. Akirusha iningi moja anaweza kutoa nguvu zote na kasi inapanda. Siyo kifo, ila thamani yake inashuka, kwa hiyo ukiona timu inamvumilia kijana aendelee kuanza mechi huku anapigwa akiwa anajifunza mpira wa tatu, ujue wanamwona mbali.

Swali: Ni ngazi gani naweza kuanza kuamini namba? Na kuna Mwafrika yeyote aliyepitia huko akafika?

Jibu: Double-A ndugu yangu. Pale wapigaji wengi wanajua kuacha mpira mbaya, na mrushaji aliyekuwa anaishi kwa slaida zinazodondokea nje ya eneo la straiki ghafla anakuta hakuna anayezifuata. Wapo wachache wasiokaa popote, Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza na Pittsburgh Pirates Julai 2023 na Mei 2024 alikuwa tayari ligi kuu, akamaliza msimu na ERA ya 1.96. Huyo usimfanye kipimo cha watu wengine, utawaonea.

Kwa upande wa Afrika yupo Tayler Scott, mrushaji wa Afrika Kusini. Chicago Cubs walimchagua 2011, akazunguka ligi ndogo miaka nane akibadilisha timu, na Juni 2019 Seattle Mariners wakampandisha, akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu. Njia yake inafanana na ya wengi kuliko ya Skenes. Na yule kijana wa Single-A wa swali la kwanza, kama timu ikimpandisha Double-A kabla msimu haujaisha, niandikieni tena mkiwa na straikauti na woki zake za mwezi wa kwanza huko, tuanzie hapo.