Gethsemane, Yesu alikuwa akimwomba nani?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku na dada mmoja Mwislamu tunayeelewana sana. Juzi aliniuliza, wala si kwa ubishi: "Mnasema Yesu ni Mungu. Kule bustanini alikuwa akimwomba nani?" Nikamuuliza mzee wetu wa kanisa, akasema Yesu hakuwa na haja ya kuomba, alikuwa akitupa mfano tu. Jibu hilo halijaniingia. Muuguzi, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi haliniingii. Soma Marko 14 polepole. Yesu anaanguka chini, anawasihi rafiki zake wakeshe, anasema ana huzuni kiasi cha kufa, anaomba, kisha anarudi kuomba maneno yale yale. Na wale watatu ambao wangeuona huo mfano walikuwa wamelala! Hapana, pale palikuwa na maombi ya kweli na hofu ya kweli.

Alikuwa akimwomba nani? Mwana alikuwa akimwomba Baba. Mungu ni mmoja, lakini Baba siye Mwana, na katika Yohana 17 Yesu anautaja utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ulimwengu haujakuwako. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukamkatalia mwaka 325.

Lakini naona kinachokusumbua zaidi ni yale maneno, "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Hapo Kanisa liliumia hasa. Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka kuwapatanisha Wakristo waliogawanyika, wakaunga mkono fundisho kwamba Kristo ana utashi mmoja tu, yaani uwezo mmoja wa kutaka na kuamua, ule wa kimungu. Mtawa Maksimo akakataa. Kwake, kama Yesu hakuwa na utashi wa kibinadamu, basi aliyekubali kikombe cha mateso bustanini hakukikubali kama mwanadamu, na utashi wetu sisi, ule ule unaotuangusha kila siku, umebaki bila kuponywa. Kutaka kuishi si dhambi. Mungu ndiye aliyetuumba tukiogopa kifo, na Yesu aliuchukua hata woga huo, kisha akayatii mapenzi ya Baba akiwa nao.

Mwaka 662 walimkata Maksimo ulimi na mkono wa kuume, asiseme wala asiandike tena, wakampeleka uhamishoni katika nchi ambayo leo ni Georgia. Alifia huko mwaka huo huo. Mtaguso uliomalizika mwaka 681 ndio uliokiri alichokitetea: Kristo mmoja, Mungu kweli na mwanadamu kweli, mwenye utashi wa kimungu na wa kibinadamu.

Wewe unakaa na wagonjwa, utanielewa. Nimekaa na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akiomba radhi kwa kuogopa kufa, akidhani imani yake imekuwa bandia. Nilimsomea Gethsemane yote, tukarudia. Ningemwambia kwamba Bwana wake alikuwa akiigiza, ningekuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokihitaji usiku ule. Ndiyo maana jambo hili nalishikilia kwa nguvu.

Kwa huyo dada, usianzie Nikea. Mwombe msome naye Marko 14:32–42, umwache aulize. Mweleze kwamba tukisema "Mwana wa Mungu" hatusemi Mungu alioa akazaa, Mungu apishe mbali. Tunasema Neno wa milele, aliyekuwako kwa Baba sikuzote, ndiye aliyefanyika mwili kwa Mariamu. Huenda asikubali, na usimlazimishe. Naye akikueleza imani yake juu ya Isa, msikilize mpaka amalize.

Na mzee wa kanisa usimsahihishe mbele ya watu. Mfuate nyumbani kwake, uende na Waebrania 5:7, panaposema Yesu aliomba kwa kulia sana na machozi.