Ukoka umekauka, masika yaja

SWALI: Shikamoo shangazi. Jua la kaskazi limeukausha ukoka wa uani kwangu hapa Malindi, umekuwa kama ufagio. Niung'oe nipande upya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiung'oe! Fukua kidogo utazame vikonyo vya chini: vikiwa vyeupe na vigumu, ungali hai. Machi hii ufyeke, uparure makapi kwa reki, kisha utandaze samadi ya mbuzi, maana mchanga wetu haukai na maji. Lakini iwe imeoza, haina joto wala harufu kali. Mwaka jana nilitia mbichi kwa pupa yangu, nikaunguza asumini zote za mlangoni; jirani bado ananicheka. Mbolea ya dukani ngoja mvua za Aprili zishike. Mabaka matupu chomeka vipande vya ukoka huohuo, bure kabisa.