Banda Langu Linaelea

SWALI: Nimechora kwa rangi za mafuta banda kuukuu la mbao lililo kando ya shamba. Nilizihesabu mbao zote, nikazichora moja moja kwa kahawia. Sasa banda linaelea, kama picha iliyokatwa gazetini ikabandikwa juu ya majani. Nimekosea wapi? – Mwanagenzi

JIBU: Mwanagenzi, makosa ni mawili, na mimi nimeyafanya yote kwa miaka mingi.

Kwanza, hiyo kahawia. Ubao usiopakwa kitu haubaki nayo. Jua huivunja lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, kisha mvua huiosha, zikabaki nyuzi za selulosi zenye rangi ya fedha. Rudi bandani ukautazame ukuta mmoja kuanzia juu. Chini ya upenu, mvua isikofika, wekundu wa mbao bado upo. Katikati ni kijivu. Miguuni, kwenye unyevu, pameiva kijani cheusicheusi. Ukuta mmoja, rangi tatu, nawe ulikuwa unahesabu mbao!

Kijivu hicho usikitafute kwa nyeusi na nyeupe. Kitakuwa kama saruji. Changanya buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, utie nyeupe. Buluu ikizidi, kijivu kinapoa na kufaa upande wa kivuli. Siena ikizidi, kinapata joto la jua. Usikoroge mpaka kilainike. Mimi hukiacha na michirizi, maana mbao zenyewe hazina rangi sare.

Pili, pale ukuta unapokutana na ardhi. Nadhani umepiga mstari kama wa rula. Ndio unaoliinua banda lako. Acha majani yaukwee ukuta, mahali pengine yaufiche kabisa. Kivuli cha banda kilale juu ya nyasi, kikipanda na kushuka pamoja nazo. Paa nalo linatazama juu, basi lipe kidogo rangi ya mbingu uliyokwisha kuichora.

Kuhusu mbao: paka ukuta mzima kwanza, finya macho, kisha chagua tano au sita tu, pale mwanga unapogusana na kivuli. Zipitishie brashi kavu, yenye rangi kidogo tu.

Picha usiitupe. Kama rangi bado mbichi, ukwangue ule mstari wa chini kwa kisu cha rangi leo hii. Kama imekauka, anza na majani juu yake.