Paa linavuja, kuku 50 na mizinga 6: kipi kitangulie?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu na nitastaafu mwezi Desemba. Nimenunua nyumba ya zamani pembezoni mwa mji wa Kibaha, katika kiwanja chenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 30. Paa la bati linavuja sehemu tatu, ukuta wa upande wa jikoni una ufa, mchwa wamekula fremu za milango miwili, na darini kuna nyuki ambao majirani wanasema wamekaa humo kwa miaka mingi. Ninakusudia kufuga kuku chotara 50 na kuweka mizinga 6 ya kisasa hapo uani. Ninalo pia shamba la mikorosho la ekari 3 huko Kisarawe. Fedha yangu inaingia kidogo kidogo, kwa hiyo siwezi kufanya yote kwa pamoja. Nianze na lipi, na je, kuku na nyuki wanaweza kukaa ua mmoja?

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa swali lililoelezwa kwa vipimo, maana vipimo hivyo ndivyo vitakavyotuongoza. Nianze na la msingi: nyumba ikamilike kwanza, kuku wafuate, na nyuki waje mwisho kabisa. Sababu yake si fedha peke yake. Karibu kila kazi ya ukarabati uliyoitaja inaacha uani kitu chenye madhara kwa viumbe unaotaka kuwaleta, iwe ni dawa ya mchwa, rangi iliyobanduliwa, misumari, au kelele za mashine. Ukileta kuku na nyuki kabla mafundi hawajaondoka, utalipa gharama ya ukarabati mara ya pili kwa mifugo itakayokufa. Masika yameisha na vuli huanza Oktoba, kwa hiyo una takribani miezi minne mikavu, na miezi hiyo inatosha endapo kila kazi itashika zamu yake.

Kabla fundi hajapandisha ngazi, nyuki wa darini watolewe. Nasisitiza watolewe, wasiuawe. Mafundi wengi hupuliza dawa ya wadudu au huwasha moto, wakalipwa na kuondoka, kumbe masega yamebaki juu ya vichwa vya wenye nyumba. Asali isiyo na nyuki wa kuilinda huyeyuka kwa joto la bati, ikachuruzika kwenye dari na kuita sisimizi. Kisha harufu ya nta huvuta kundi jingine msimu unaofuata. Mwite mfugaji nyuki mwenye mavazi kamili na bomba la moshi, aje jua linapozama, wakati nyuki wote wamerejea. Atakata masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, atayafunga kwa uzi kwenye fremu za mzinga, atahamishia nyuki humo pamoja na malkia, na usiku huohuo mzinga utasafirishwa kwenda shambani kwako Kisarawe. Nyuki wetu wa Kiafrika ni wepesi wa kuhama wakisumbuliwa, kwa hiyo usishangae wakiondoka baada ya siku chache. Muhimu ni kwamba hawatakuwa tena darini kwako. Ofisi ya nyuki katika halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa mtu anayeifanya kazi hii kwa ustadi.

Wakishatoka, nta yote ikwanguliwe na mahali pale paoshwe kwa maji ya moto na sabuni. Ndipo utafute mlango wao. Simama chini ya ukingo wa paa saa sita mchana, uangalie pale bati linapokutana na ukuta. Kila wimbi la bati huacha nafasi ndogo, na wimbi lililotumiwa na nyuki utalitambua kwa doa la hudhurungi na kingo zilizolainika kana kwamba zimepakwa mafuta, kwa sababu maelfu ya miguu yamepita hapo kila siku. Nafasi hizo zisizibwe zote kwa saruji, kwani dari huhitaji hewa. Ziwekewe wavu wa mbu wa chuma uliobanwa kwa vipande vya mbao, ambao utapitisha hewa na kuwazuia nyuki, popo na panya kwa pamoja.

Sasa paa. Usinunue bati hata moja kabla hujafungua mabati mawili au matatu juu ya sehemu zinazovuja na kutazama papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, bali mpira wa msumari umekauka na kupasuka, na mbao iliyo chini yake imeoza hata msumari haushiki tena. Katika hali hiyo unahitaji mbao, dawa ya mbao na misumari mipya, ambayo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuezeka upya. Ikibidi kununua mabati, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba inapopanda, bati linakuwa jepesi. Na maadam fundi yuko juu, afunge mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hutoa takribani lita 1,600, ukiacha kiasi kinachopotea. Kuku 50 katika joto la Kibaha watakunywa kati ya lita 10 na 15 kwa siku. Unaona mwenyewe tangi linavyojilipa.

Kuhusu ufa wa ukuta, naomba uwe na subira. Paka kibandiko chembamba cha plasta chenye upana wa kiganja kukatisha ufa, kimoja juu na kimoja chini, uandike tarehe kwa penseli pembeni yake. Ukikuta kibandiko kimepasuka baada ya miezi miwili, msingi bado unatembea, na plasta yoyote utakayopiga itafuata njia ileile. Hapo unahitaji fundi mwashi achimbe kuuona msingi. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani, na unaweza kuuchokoa, kuujaza na kupaka rangi.

Mchwa ndio sehemu inayonitia wasiwasi zaidi katika mpango wako, na hapa nitakaa kidogo. Dawa nyingi zinazotumika kwenye misingi, zikiwemo zenye fipronili au imidaklopridi, ni sumu kali kwa nyuki hata kwa kiwango kidogo mno, nayo fipronili hupita katika mwili wa kuku hadi kwenye yai. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani baada ya dawa hiyo kutumiwa kwenye mabanda ya kuku. Sisemi usitibu mchwa. Nyumba isiyotibiwa itarudi chini. Nasema dawa iwekwe ndani ya mtaro uliochimbwa kandokando ya msingi, ifukiwe siku hiyohiyo, na isinyunyizwe juu ya ardhi wala kwenye maua. Halafu kuna jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau: kuku hupenda mchwa kuliko chakula kingine chochote. Mchwa waliopata dawa hutoka nje wakilegea, na kuku huwaokota mmoja mmoja. Kwa hiyo ukanda wa mita mbili kuzunguka nyumba uzungushiwe uzio wa wavu, uwe mahali pa kupita watu na si pa kuku. Wewe pengine unaijua njia ya wazee ya kufunika chungu chenye mavi makavu ya ng'ombe na mabua juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kikafunuliwa kwa ajili ya vifaranga. Ni chakula kizuri chenye protini, ila chungu hicho kitegwe shambani Kisarawe, kamwe kisitegwe karibu na msingi uliotibiwa.

Mafundi wakimaliza, tandaza macho yako chini. Rangi ya mafuta ya zamani ikwanguliwe juu ya turubai na mabaki yake yaondolewe kabisa, kwa kuwa rangi nyingi za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi, na kuku hudonoa kila kinachong'aa. Kwa sababu hiyohiyo okota misumari na vipande vya waya. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kamba na kuburutwa taratibu juu ya udongo hukusanya vile ambavyo jicho halivioni. Pitisha mara mbili, mara ya pili baada ya kumwagia maji na udongo kushuka.

Banda lijengwe Septemba, upande ambao upepo unatoka nyumbani kuelekea bandani, ili harufu isikurudie. Kwa kuku 50 chotara hesabu kuku 5 kwa mita moja ya mraba. Banda la mita 3 kwa mita 4 linakupa nafasi ya kutosha na kona ya kuhifadhia chakula. Urefu wake ulale mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Tofali kozi (mistari) tatu chini, wavu juu. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka lakini haumzuii nyoka wala kicheche kuingia, basi mita ya kwanza juu ya tofali iwe wavu wa kofitrei wenye matundu madogo. Maranda ya sakafuni yatoke kwa seremala asiyetumia mbao zilizotiwa dawa. Uliza kabla ya kubeba gunia. Chanjo ya kideri (ugonjwa hatari wa kuku) aina ya I-2, ambayo hutengenezwa hapo hapo Kibaha, itiwe tone moja kwenye jicho moja la kila kuku na irudiwe kila baada ya miezi mitatu bila kuruka.

Nafika kwenye mizinga 6, na jibu langu ni hapana. Katika kiwanja cha mita 40 kwa 30 chenye majirani, nyuki wanaouma hawana mahali. Ninawataka wawe angalau mita 200 kutoka kwenye nyumba, njia na wanyama waliofungwa. Niliwahi kuitwa kwenye ua mmoja ambako mzinga ulikaa hatua kumi tu kutoka bandani. Fundi wa geti aliwasha grinda saa tisa alasiri, nyuki wakatoka, na kwa kuwa nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, ndani ya muda mfupi hapakuwa na mtu uani. Watu walikimbia. Kuku walikuwa wamefungiwa, na jioni tulitoa mizoga ya kuku 31, vishungi vyao vimevimba na kuwa vyeusi. Tangu siku ile sikubali mzinga wa nyuki wanaouma na banda lililofungwa vikae ua mmoja, hata mwenye ua akiniahidi ukuta.

Mizinga yako 6 ipeleke Kisarawe. Mikorosho hufaidika nyuki wanapotembelea maua yake, nawe utavuna asali. Ila zungumza na wenye mashamba jirani juu ya siku wanazopulizia dawa za wadudu wakati wa maua, na uwaombe wapulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

Uani kwako weka nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, huhifadhiwa kwenye vijungu vya nta badala ya masega, na bei yake ni nzuri. Sanduku lao dogo la mbao linaweza kuning'inizwa chini ya ukingo wa paa uliokwisha kukarabatiwa, upande wa mashariki, kwa waya uliopakwa grisi ili sisimizi wasipite. Panda mlonge na kivumbasi kando ya uzio, mbali na ule ukanda wa dawa. Mlonge huchanua kwa muda mrefu, na majani yake kuku wanayala. Weka pia beseni la maji lenye mawe ya kutua kabla hujaleta sanduku, kwani nyuki waliokwisha kuzoea kunywa kwenye chombo cha kuku ni vigumu kuwahamisha. Sanduku lije wiki chache baada ya kuku kuzoea banda, mafundi wakiwa wameondoka na rangi haina harufu tena. Siku utakapoona mrija mwembamba wa nta umeanza kuchomoza mlangoni, wenye unene wa bua la majani na walinzi wadogo wakichungulia mdomoni mwake, ujue wamekubali makazi. Usilifungue sanduku hilo tena kwa miezi kadhaa.