Kuhusu Mama Aliyemfunga Binti Yake Miguu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifika, nasi nyumbani hatujambo. Umesoma habari za wanawake wa China waliofungwa miguu, ukaniuliza ilikuwaje mama mzazi akamfanyia bintiye jambo lile kwa mikono yake mwenyewe.

Mila hiyo husimuliwa kuwa ilianza kwa wacheza ngoma wa ikulu katika karne ya 10, ikawa pambo la wakubwa zama za ukoo wa kifalme wa Song, kisha ikaenea hadi kwa wakulima. Mtoto alianzishwa akiwa na miaka 5 au 6 hivi, mifupa ingali laini: vidole vinne vilikunjwa chini ya unyayo, na kitambaa kirefu kikakazwa mara kwa mara mpaka upinde wa unyayo ukavunjika. Mguu uliosifiwa kuliko yote ulikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Wengi walipata vidonda vilivyotunga usaha, na wapo waliokufa.

Mama huyo naye alikuwa amefungwa, kwa hiyo aliyajua maumivu yale. Lakini alijua pia kwamba mshenga akija, wakwe watauliza habari za miguu, kwa kuwa mguu mdogo ulihesabiwa kuwa ushahidi wa malezi na subira, na binti asiyeolewa katika jamii ile hakuwa na pa kuegemea. Watafiti waliowahoji vikongwe wa vijijini wameongeza jambo ninaloliona zito: msichana asiyeweza kukimbia alitulia akasokota pamba na kufuma, na kazi hiyo ilikuwa pato la nyumba. Usidhani basi kwamba ulikuwa urembo mtupu. Simtetei mama yule, ila nashindwa kumwita katili, maana aliyemwacha bintiye bila kumfunga, peke yake kijiji kizima, alihofia kumharibia posa.

Ndiyo sababu Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki walioitawala China na ambao wanawake wao hawakufunga miguu, walipoipiga marufuku mila hiyo katika karne ya 17 walishindwa. Kilichofaa zaidi ni vyama vya kupinga mila hiyo vya mwishoni mwa karne ya 19, kama kile cha Shanghai cha mwaka 1897, ambavyo wanachama wake waliahidi kwamba hawatawafunga mabinti zao, wala hawatawaoza wana wao wasichana waliofungwa. Ahadi hiyo ya pili ndiyo iliyomwondolea mama hofu. Amri ya Cixi, malkia mjane aliyeshika utawala, ya mwaka 1902, na marufuku ya mwaka 1912 ya serikali ya Jamhuri iliyowafuata wafalme zilikuja baadaye, na hata hivyo vijijini mila iliendelea kwa miaka mingi.

Ninaowaonea uchungu zaidi ni wale waliokuwa wamekwisha kufungwa. Kufunguliwa nako kuliwaumiza, kwa kuwa mifupa ilikwisha kukaa vile, na wengine walitozwa faini kwa miguu ambayo hawakuichagua. Niandikie uniambie kama kitabu ulichosoma kimewapa wao wenyewe nafasi ya kusema.

Akupendaye,
Mama yako