Fagio la babu yako

Dodoma, Jumapili usiku

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu na miwani. Unauliza kama uhame hapo chuoni kwako, ambako wanafunzi hata elfu mbili hawafiki, uende kile chuo kikuu cha jimbo pale Columbus, Ohio, kwa kuwa wamekubali kukupokea mwaka wa tatu na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sababu umezipanga vizuri, kama baba yako anavyopanga vipuri vyake. Nimezipitia moja moja, nikakwama kwenye ile uliyoichomeka mwishoni kana kwamba si kitu: kwamba huku nyumbani hakuna anayekijua chuo chako.

Ngoja nikwambie. Kwenye msiba wa shangazi yako kule Mpwapwa, mjomba wako alikuwa amekaa na wazee karibu na wapishi, akawaambia wewe uko kile chuo kikubwa cha Ohio, chenye uwanja wa mpira unaoingiza watu zaidi ya laki moja. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la wali. Nilimsikia vizuri, na sikumsahihisha. Tangu siku ile najiuliza ni nani aliyemwambia, na jibu ninalo.

Sikugombezi. Ningekuwa na uso gani wa kukugombeza?

Lile fagio lililo juu ya mlango wa jikoni unalijua, ulikatazwa kulichezea tangu unatambaa. Unajua nilitoka nalo Berea, chuo nilichosoma kule Kentucky, Marekani. Habari yenyewe hujawahi kuisikia, kwa sababu siku zote nikifika mahali fulani huwa nakumbuka nina chungu motoni.

Nilifika kule Agosti 1987. Masomo ya pale hayalipiwi ada, ni utaratibu wa tangu 1892, lakini kila mwanafunzi, awe nani, hupewa kazi ya angalau saa 10 kwa wiki. Mimi nilipangiwa karakana ya mafagio, ambayo ilikuwapo tangu 1920. Wenzangu Wamarekani walikuwa wakiita zile nyuzi za fagio kwa jina linalofanana na mahindi, nami siku ya kwanza nikashika fungu, nikalinusa, nikasema moyoni, mahindi gani haya? Ulikuwa mtama, Baraka. Mtama wa mbegu nyingine, masuke yake marefu kama mkono, lakini mtama. Mtoto wa Kigogo amevuka bahari kwenda kukutana na mtama.

Tulikuwa tunayaloweka masuke yasikatike, tunayafunga kwa waya kuzunguka mpini, fungu juu ya fungu, mguu ukikanyaga mashine. Kisha unalibana fagio kwenye jiliwa na kulishona kwa sindano ndefu, kiganjani umevaa kipande cha ngozi, hadi liwe bapa. Mzee aliyetusimamia hakuwa msemaji. Alikuwa anavuta uzi kwa kidole. Ukilegea, anakurudishia fagio bila neno, unafumua. La kwanza nilifumua mara nne. Mikono ilinuka shamba wiki nzima, na niseme kweli, niliipenda kazi ile kuliko darasa lolote.

Lakini babu yako, mwalimu mkuu mstaafu wa Kongwa, alikuwa ameuza ng'ombe wanne kwa ajili ya nauli. Ningemwandikiaje kwamba ng'ombe wanne wamekwenda kufunga mafagio? Nikaandika nafanya kazi ofisini. Barua iliyofuata nikaongeza meza. Iliyofuata, simu mezani.

Na chuo chenyewe nani alikijua? Babu yako alilitamka lile jina kanisani, padre akasikia Beira, nusu ya waumini wakaniombea niwe salama Msumbiji. Pale ndipo alipohitimu Carter G. Woodson, mwanahistoria mkubwa wa Wamarekani weusi, mwaka 1903. Chuo kilianzishwa 1855 ili weusi na weupe wasome pamoja, na mwaka mmoja tu baada ya Woodson kutoka, sheria ya jimbo ikapiga marufuku. Weusi hawakurudi hadi 1950. Hayo yote niliyajua, ningeweza kuyaandika. Niliandika habari za simu. Hata leo nikimwambia mtu nilisoma vile vyuo vidogo wanavyoviita vya sanaa huria, ambako mtu husoma fani nyingi kwa pamoja, wa kwanza ananiuliza kama najua kuchora, wa pili anadhani nilisoma Chuo Kikuu Huria.

Siku zote nasema, chuo kidogo hakina pa kujificha. Umenisikia nikilisema hadi umechoka, lakini lilinianzia pale. Darasa la historia tulikuwa 14. Siku moja nilikosa kipindi cha saa mbili asubuhi. Saa saba mchana profesa akanikuta posta, akaniuliza homa imepungua? Sikuwa na homa. Nililala tu. Ila aliniuliza kwa upole hivi kwamba nikajiona mgonjwa kweli. Watu wote wanajua unakula nini, unatembea na nani, insha yako ya mwisho ilivurugika wapi. Chuo kidogo hakina pa kujificha, na mimi nikapata pa kujificha hukohuko, kwenye karatasi za barua, maili maelfu kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kujua.

Mwaka wa pili mwenzangu wa bwenini alinipiga picha karakanani: aproni, vumbi kwenye nywele, fagio katikati ya magoti. Nikamtumia kaka yangu Dar, tucheke wawili. Naye, mjomba wako huyuhuyu, alipokwenda nyumbani Krismasi akaibeba na kumpa mzee.

Barua ya babu yako ilifika Machi. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili bila kuifungua. Aliandika hivi, nayakumbuka maneno: "Picha nimeiona. Huo ulioushika ni mtama. Ni mbegu gani yenye suke refu kiasi hicho, na punje zake huwa mnazipeleka wapi?" Basi. Halafu habari za mvua na salamu za mama.

Ofisi hakuitaja. Hakuitaja katika barua ile, wala katika iliyofuata, wala alipokuja kunipokea uwanja wa ndege 1991, hadi anakwenda kaburini. Nilikuja kujua kwa bibi yako kwamba kanisani watu walipouliza aliendelea kuwajibu, miaka miwili mizima, huku picha anayo kwenye Biblia: "Binti yangu yuko ofisini." Yule mzee aliyemchapa mwanafunzi kwa kusema kalamu imepotea. Uongo wangu aliubeba yeye, akautolea ushahidi. Ningependa angenigombeza.

Nilipompa fagio hakufagia nalo. Alilichambua suke kwa suke hadi akapata punje moja, akaipanda kwenye kopo. Haikuota. Akasema udongo wetu umeikataa, akacheka.

Sasa turudi Columbus, maana najua umeanza kuruka mistari. Mimi ni mtoto wa mtu aliyeona matrekta ya Waingereza yakishindwa na ardhi ya Kongwa kwenye ule mradi wa karanga. Kitu kikubwa nakitilia shaka kabla sijakiona, hilo liondoe kwenye hesabu. Na nisiwe mwongo mara ya pili: kujificha si kubaya kila mara. Nilikuwa na rafiki, binti mweusi wa Alabama, alichoka kuwa mmoja kati ya wachache, kila mjadala darasani shingo zikimgeukia yeye. Akahamia chuo kikuu cha mjini ambako hakuna aliyemjua, akanawiri kama mche uliotolewa kwenye kopo. Kwa hiyo chuo kidogo hakina pa kujificha, ndiyo, na kuna mtu anahitaji kivuli. Kama ni wewe, mimi nitajuaje kutoka huku?

Unataka niseme hama au baki. Neno ninalo, liko hapa kwenye ulimi, na baba yako amesimama mlangoni ananitazama nisiliandike. Nitasema hivi tu: waulize Columbus kwa maandishi msaada wa ada watakupa kiasi gani, maana vyuo vya serikali mara nyingi huwabania wageni kuliko hivyo vidogo vya binafsi. Na usihamie jina.

Haya, nimekwishasema nusu. Baba yako amesonya.

Jambo moja halihitaji kusubiri mwisho wa mwezi. Mpigie mjomba wako, wewe mwenyewe, umtajie jina la chuo chako, ulitamke polepole. Mpigie usiku wa huku. Mchana kutwa yuko shambani anawinga kweleakwelea kwenye mtama.

Mama yako